Fundi Saa Anajibu: Mzinga wa kushoto umekwenda wapi?

Kwa kawaida meza hii inapokea maswali ya saa zilizoingia maji, cherehani zinazoruka uzi na feni zinazolia usiku kama paka. Toleo lililopita niliponyokwa na neno kwamba jioni, nikishafunga kibanda changu hapa Ngamiani, Tanga, huwa naunda ndege ndogo za kivita kwa plastiki, na kwamba nusu ya vipuri vyake natengeneza mwenyewe kwa vikombe vya mtindi na sindano za dawa. Kumbe tuko wengi! Saa zenu zitasubiri mwezi ujao. Leo ni ndege tu.

Shikamoo Fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Morogoro. Nimenunua kisanduku cha vipande vya kuunganisha vya MiG-21F-13, ndege ya kivita ya Kirusi, kwa skeli ya 1/72 (ndogo mara 72 kuliko ndege halisi), na nia yangu ni kuigeuza iwe F-7A ya jeshi letu, zile nilizokuwa nikizikimbilia nje kuzitazama zikipita nilipokuwa mtoto. Marehemu baba alikuwa akisema zina mizinga miwili, lakini ya kisandukuni ina mmoja tu, upande wa kulia. Tena mdomo wa mbele umezibwa na ukuta, ile fimbo ndefu ya puani ni nene kama njiti ya kiberiti, na mashimo ya magurudumu hayana kina cha kuficha hata punje ya mchele. Vipuri vya kurekebishia vinauzwa Ulaya, na gharama ya posta inazidi bei ya ndege yenyewe. Nianze wapi?

Marahaba, Mwalimu. Baba yako alisema kweli, na kisanduku chako nacho hakijakosea. MiG-21F ya mwanzo ilikuwa na mizinga miwili ya NR-30, ya milimita 30. Ilipokuja F-13 (hiyo 13 imetokana na kombora la K-13) mzinga wa kushoto ukaondolewa, ukabaki wa kulia. Wachina wakaichukua F-13, wakaiunda kwao kwa jina la J-7, na kwenye J-7I wakaurudisha mzinga wa pili. J-7I ya kuuzwa nje ndiyo F-7A. Albania walizinunua, nasi tukazinunua. Kwa hiyo hicho unachokiona kuwa kasoro ni ndege ya nchi nyingine, na kazi yako kubwa ni hiyo ya upande wa kushoto.

Lakini usishike wembe bado. Shika kalipa, kile kipimio cha milimita. Mabawa ya F-13, toka ncha hadi ncha, ni mita 7.154. Gawa kwa 72, unapata milimita 99.4. Unganisha mabawa kwa tepu, bila gundi, upime. Mimi nusu milimita hainikoseshi usingizi, kwa kuwa hata kwenye ndege halisi ni sentimita tatu na ushei. Ukikuta 97, huko kiwandani aliyesinzia ni mtu mwingine, na utaamua mwenyewe kama utaongeza ncha au utanyamaza. Ukingo wa mbele wa bawa umelala nyuzi 57. Kata pembe hiyo kwenye kadi ngumu na uilinganishe. Ni kazi ya dakika tano, nayo itakueleza kama kisanduku kina heshima.

Picha. Tafadhali usiende kusimama na kamera kwenye uzio wa kambi, utatoka Morogoro mwalimu ukarudi mshitakiwa. F-13 iliyotua Israel tarehe 16 Agosti 1966, ikirushwa na rubani Mwiraki Munir Redfa, imewekwa kwenye jumba la makumbusho la Hatzerim ikiwa na namba 007, na imepigwa picha kila upande. Nyingine iko kwenye makumbusho ya Udvar-Hazy, nje kidogo ya Washington. Hizo zitakupa mdomo, miguu na tumbo. Mzinga wa kushoto usiutafute huko, haupo. Tafuta picha za J-7 za makumbusho ya anga ya China, karibu na Beijing. Ogopa jambo moja kwenye ndege za makumbusho: zimepakwa rangi juu ya rangi, na tairi zimekaa chini kwa miaka mingi. Ukiiga hivyo, ndege yako itaonekana imestaafu.

Sasa mzinga. Mara ya kwanza nilijiona mjanja. Nikachukua udongo wa kuchezea watoto, nikatoa kalibu ya upande wa kulia, nikamimina supa gluu na unga wa soda ya kuokea. Kikatoka kipande safi kabisa, nikakipeleka kushoto, kikagoma. Nilikuwa nimetengeneza mzinga wa kulia wa pili! Ni kama kiatu. Nimeshika vyombo vya saa miaka thelathini na tano na jambo hilo halikunijia mpaka nilipokuwa na kipande mkononi.

Njia inayofanya kazi ni hii. Bandika tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, juu ya kivimbe na mfereji wa mzinga wa kulia. Laza penseli laini, usugue mpaka kingo zijichore. Bandua, uibandike kwenye nailoni angavu, igeuze nailoni na uielekeze dirishani. Mchoro utauona kwa nyuma, nao sasa ni wa kushoto. Unakili kwenye kipande kipya cha tepu, ukate, ubandike upande wa kushoto wa ndege. Umbali upimie kwenye mshono wa tumbo, usiupimie kwenye bawa, maana mabawa yakishagundishwa kila moja huwa na tabia yake.

Toboa vitundu vya nusu milimita ndani ya mpaka wa tepu, uviunganishe kwa ncha ya wembe, kisha ingia na tupa ndogo ya mkia wa panya uchimbe mfereji. Yote hayo yafanyike kabla hujaunganisha nusu mbili za kiwiliwili, kwa sababu mfereji ukipasua ukuta, na utaupasua, unabandika kiraka kwa ndani bila mtu kujua. Kile kivimbe cha nje kijenge kwa tabaka mbili za plastiki ya kikombe cha mtindi, kila moja ndogo kuliko ya chini yake, halafu msasa namba 400, 800, na 1200 wa maji.

Niseme kidogo juu ya vikombe. Pindua kikombe utazame tako lake. Kikiwa na namba 6 ndani ya pembetatu, hiyo ni polistairini, ndugu wa damu wa plastiki ya ndege yako. Gundi ya kawaida ya ndege inaviyeyusha vyote viwili na kuvifanya kitu kimoja. Kikiwa na namba 5, kitumie kuchanganyia rangi, hakishiki gundi hata kwa viapo. Kadi ya benki iliyokwisha muda ni nzuri kwa sehemu ngumu na nyoofu lakini ni plastiki ya aina nyingine, inataka supa gluu. Vikombe vyangu vina unene wa milimita 0.4. Kwa ukuta wa shimo la gurudumu ni sawa. Kwa mlango wa gurudumu ni mnene mno, kwani kwenye ndege kubwa huo ungekuwa mlango wa karibu sentimita tatu, kama wa stoo. Kwa hiyo milango ikwangue kingo tu, jicho linatazama kingo.

Mtutu wenyewe utoke duka la dawa. Sindano ya kishikio cheusi, yaani namba 22, ina tundu la milimita 0.41. Zidisha kwa 72 uone: milimita 29.5, nawe unatafuta mzinga wa 30. Hakuna kiwanda kitakachokuchongea tundu safi kuliko hilo. Usiikate kwa plaizi, inabanwa na kuziba. Iviringishe chini ya ukingo wa tupa mpaka itie alama pande zote, kisha ivunje kwa koleo mbili. Vunjia ndani ya mfuko wa nailoni. Kipande changu kimoja kiliruka mwaka juzi, bado hakijaonekana, na mke wangu bado anavaa viatu ndani ya nyumba.

Fimbo ya puani ni bomba la pitoti, la kupimia mwendo wa hewa. Kwa F-13 na F-7A linakaa chini ya mdomo. Kwenye MiG-21 za baadaye lilihamia juu, basi ukiona kwenye picha linakaa juu ujue umefungua ukurasa usio wako. Tena la chini lina bawaba. Ndege ikiegeshwa hukunjwa kuelekea juu ili watu wasijigonge nalo, hivyo una ruhusa kamili ya kulikunja kwenye kabati lako. Chukua sindano ya kishikio cha buluu, namba 23, uchomeke ndani yake ile nyembamba ya insulini, namba 30. Zinaingiana kama vipande vya antena ya redio, na tone dogo la supa gluu linazishika. Ile ya kisandukuni itupe bila huruma.

Mdomo. Hapa ndipo watu wanapopoteza mwezi mzima bure. Kwenye MiG-21 hewa ikishapita koni ya mbele hugawanyika, ikazunguka chumba cha rubani kulia na kushoto hadi kwenye injini. Hakuna mtu atakayeona zaidi ya koni na ule mzingo mwembamba wa giza. Kwa hiyo vunja ule ukuta, rudisha nyuma kama milimita 15, weka bomba la karatasi nene iliyolainishwa kwa supa gluu, paka rangi ya fedha inayofifia kuwa nyeusi. Basi. Nguvu zako zitie kwenye mdomo wenyewe wa nje, kwa sababu ndege hii uso wake ni huo. Kiwanda kimekupa mdomo mnene kama wa kikombe cha chai, wakati wa kweli ni mkali. Viringisha msasa kwenye penseli na ukwangue kwa ndani, sio kwa nje, ukizungusha ndege na kupumzisha mkono. Simama plastiki inapoanza kuruhusu mwanga. Nimewahi kuzidisha nikatoboka, nikaziba kwa supa gluu na soda. Ukiziba hivyo piga msasa ndani ya saa moja, ukilala nayo asubuhi utakuta jiwe. Na kabla hujafunga kiwiliwili, jaza chubwi za mishipi nyuma ya koni, la sivyo ndege itakalia mkia. Nawa mikono baada ya hapo, ile ni madini ya risasi, ni sumu.

Mashimo ya magurudumu ni rahisi kuliko yanavyotisha. Mguu hulala ndani ya bawa, lakini gurudumu hugeuka likasimama wima ndani ya tumbo, na milango ile mikubwa ya tumboni hubaki wazi ndege ikiwa chini. Ndiyo maana ule ubapa wa kisandukuni unakukera. Kata sakafu yake, jenga sanduku kwa plastiki ya mtindi, tandaza nyaya za shaba kutoka mota ya feni iliyokufa. Mabomba mawili matatu yaliyopinda vizuri yanashinda kumi yaliyorundikwa. Magurudumu ya F-13 ni ya milimita 660, yaani 9.2 kwako. Pima ya kisandukuni. Mimi yangu yalipotea, nikaazima ya MiG-21MF, toleo la baadaye, ambayo ni ya milimita 800, nikayafunga na kuipeleka ndege kwa rafiki yangu aliyewahi kufanya kazi ya ufundi wa ndege. Aliitazama, akacheka, akaniuliza nitayakunjia wapi. Magurudumu yale makubwa ndiyo yaliyowalazimisha Warusi kuweka vivimbe ubavuni juu na chini ya bawa, na F-13 vivimbe hivyo haina. Hiyo milimita mbili tu ndiyo iliyomwonyesha.

Kioo cha rubani usikipe bawaba nyuma, kama ukitaka kukiacha wazi. Cha F-13 hufunguka kwa mbele, kipande kizima pamoja na kioo cha upepo, kwa sababu kilikusudiwa kuruka na kiti na kumkinga rubani dhidi ya upepo. Ukiona cha kisandukuni ni kinene, chonga umbo lake kwa mti laini, livalishe kipande cha chupa ya soda, na mwombe fundi simu wa jirani akupulizie ile blowa yake. Plastiki itajikunyata na kushika umbo. Tegemea kuharibu chupa nne.

Mzee, naandika kutoka Kampala. Naunda MiG-21MF kwa 1/48, iwe moja ya zile zilizokuwa Entebbe. Kwenye picha ya chumba cha rubani naona mstari mweupe umesimama katikati ya dashibodi. Ni mkwaruzo wa picha au ni kitu?

Ni kitu, ndugu yangu. Ndege ikishindwa na kuanza kuzunguka ikishuka kama tiara iliyokatika uzi, rubani hasadiki tena mwili wake unamwambia nini kuhusu kati na pembeni. Mstari ule ni wa kumwonyesha kati: fimbo ya usukani aisukume mbele kuuelekea. Warusi waliuchora kwa rangi tu, bila mtambo wowote, na mimi naupenda kuliko kifaa chochote kingine mle ndani.

Usijaribu kuuchora kwa brashi. Paka dashibodi nyeupe kwanza. Ikikauka, kata utepe mwembamba wa tepu kwa wembe mpya, uusimamishe katikati, ndipo upake ile rangi ya kijani-samawati inayofanana na kuta za zahanati za zamani. Bandua tepu rangi ikiwa haijakauka sana. Saa zake zitengeneze kwa vitobo vya mashine ya kutobolea karatasi na tone la gundi ya maji kuwa kioo. Na kwa kuwa yako ni MF, hadithi yangu ya magurudumu igeuze: wewe unayataka ya milimita 800, yaani 16.7 kwa skeli yako, pamoja na vivimbe vyake.

Ukitaka kuionyesha ilivyokuwa asubuhi ya tarehe 4 Julai 1976, Waisraeli walipokwisha kuziteketeza na kuondoka, utakuwa unachoma kazi ya mwezi mzima kwa mkono wako. Mimi ningeiegesha tarehe 2.

Fundi, hujambo? Niko Nanyuki. F-5E yangu, ile ndege ya kivita ya Kimarekani, ya 1/48 imeinua pua kama inanusa kitu. Mguu wa mbele ni mrefu mno. Nimeulizia, nikaambiwa kiwanda kimekosea.

Sijambo. Kiwanda hakijakosea. Mguu wa mbele wa F-5E una urefu wa aina mbili: hurefushwa wakati wa kuruka ili pua iinuke na bawa lishike hewa mapema, kisha ukarudishwa. Kisanduku chako kimekupa ule wa kuruka. Kama unaiegesha imelala, ufupishe. Tafuta picha ya ubavuni, uhesabu kipenyo cha tairi la mbele kinaingia mara ngapi kutoka ardhini hadi tumboni, ndipo ukate na kuweka msumari mwembamba wa shaba katikati ya kiungo, maana plastiki peke yake itapinda. Nawe unakaa mlango wa pili na zenyewe, hapo kambi ya jeshi la anga! Wakipita juu, tazama milango, usitazame moshi.

Assalaam aleikum, maalim. Niko Muscat, nina printa ya 3D. Kwa nini unajitesa na vikombe vya mtindi?

Waaleikum salaam. Kwa sababu mtindi naunywa. Lakini umeuliza vizuri. Kwa vitu vinavyojirudia, magurudumu, viti, makombora manne yanayofanana, printa yako inanishinda na nakubali. Kwa bomba la pitoti hainishindi. Ule utomvu wake ukiwa mwembamba hivyo hukatika kwa pumzi. Tena tazama faili uliyopakua ilichorwa kutokana na nini. Nimeona kiti cha MiG kilichochapwa vizuri ajabu, kila mkanda upo, kumbe aliyekichora alipima kiti cha kisanduku kibovu. Ukiunda Jaguar ya Oman, nichapie viti viwili vya 1/72. Nitakulipa kwa pitoti.

Shikamoo babu. Niko kidato cha pili, Kahama. Shangazi yangu ni mfagizi hospitalini. Anaweza kuniletea sindano zilizotumika?

Marahaba, mjukuu wangu. Hapana. Hata moja, hata ikichemshwa, na usimwombe tena, utamtia matatani na kazi yake. Nenda duka la dawa pamoja na mtu mzima, nunua mpya, ni bei ya andazi. Mtu mzima huyo ndiye avunje, wewe shika mfuko. Kile kifuniko chake usikitupe: pitoti ikishakuwa tayari, irudishe humo mpaka siku ya mwisho kabisa ya kuigundisha, maana ndicho kitu cha kwanza kuchoma kidole na cha kwanza kuvunjika.